MAISHA YA BAHARIA KATIKA SAFARI NDEFU
Wapiga Kasia wa Pwani katika Mwambao wa Mara, 1875

Utangulizi

Wahenga walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Methali hii yaweza kuwa onyo kwa mtu aliyepanda cheo akawadharau wenzake wa jana. Vilevile yaweza kuwa onyo kwa waandishi wa historia, kwa maana vitabu vingi vimejaa habari za manahodha na vimewasahau mabaharia.

Mfano mmoja tunao nyumbani kwetu. Wanafunzi hufundishwa kwamba mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua na kuthibitisha kuwa ni ziwa moja kubwa, wala si mkusanyiko wa maziwa madogo kama wengine walivyodhani. Habari hiyo ni ya kweli, lakini haimtaji aliyepiga kasia. Stanley alikuwa mwandishi wa magazeti mawili, moja la New York na jingine la London. Waliomzungusha ziwani walikuwa vijana wa Unguja na Pwani yetu. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama maisha yao ya kila siku, hususan walipopita katika maji ya mkoa wa Mara.

Msomaji aliyeko Tarime au Serengeti huenda akauliza: habari za mabaharia zinatuhusu nini sisi wakulima na wafugaji? Zinatuhusu. Mpaka mwaka 2007, ilipoundwa wilaya ya Rorya, wilaya ya Tarime ilifika ziwani, na Shirati na Kinesi zilikuwa bandari zake. Wilaya ya Serengeti haigusi ziwa, lakini maji ya mito yake mikubwa hushuka huko: Mto Mara huingia ziwani karibu na Musoma, na Mto Grumeti huingia katika Ghuba ya Speke. Mvua ikinyesha Mugumu, baharia aliye ghubani huyaona maji yake yakiwa yamechafuka kwa tope.

Chombo na Watu Wake

Mashua yenyewe iliitwa Lady Alice. Iliundwa Uingereza kwa mbao, nayo iligawanyika katika vipande vitano ili iweze kubebwa. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika Kageye, kusini mwa ziwa, tarehe 27 Februari 1875. Kwa hesabu ya Stanley, walitembea maili 720 kwa siku 103. Kwa muda huo wote vipande vya mashua vilikuwa mabegani mwa wapagazi, katika jua la Ugogo, katika njaa na maradhi. Hivyo safari ya majini ilitanguliwa na kazi ya nchi kavu, na wengi walioifanya kazi hiyo hawakutajwa kwa majina.

Walipofika Kageye, Stanley aliomba watu wa kujitolea kwenda naye ziwani. Hakuna aliyejibu. Wakazi wa pwani ya ziwa walikuwa wamekwisha kusimulia habari za kutisha: kwamba huko mbele wako watu wenye mikia na watu walao watu, na kwamba kulizunguka ziwa lote kungechukua miaka. Manwa Sera, mkuu wa wapagazi, alimweleza Stanley kwamba akiwaomba kama rafiki hakuna atakayekubali, bali awaamuru, nao watakwenda. Mtu aliyeitwa Safeni aliagizwa achague vijana; akawachagua wasiojua lolote juu ya chombo! Ikabidi mtu mwingine, Kacheche, apeleleze kwa siri ni akina nani waliowahi kufanya kazi ya bahari. Hatimaye walipatikana wapiga kasia kumi na mshika usukani, ambaye ni Safeni mwenyewe. Kiongozi wa njia alikuwa Saramba, mwenyeji wa huko ziwani.

Tukio hili lina fundisho. Vijana wale hawakuwa waoga. Walijua ubaharia ni nini, na ndiyo sababu waliuficha. Katika msafara walijulikana kama Waungwana, yaani watu wa mji na dini, ingawa wengi wa aina yao walikuwa na asili ya bara na baadhi yao walikuwa wamepitia utumwa. Mtu wa namna hiyo alikuwa amekwisha kujifunza kwamba ustadi wake ukijulikana kwa mkubwa, utatumiwa.

Siku ya Baharia

Lady Alice iling'oa nanga tarehe 8 Machi 1875, ikiwa na unga, samaki wakavu, nguo na shanga. Ilielekea mashariki, ikapita mlango wa Mto Simiyu, ikazunguka Ghuba ya Speke, kisha ikashika njia ya kaskazini kupitia Majita na mlango wa Mto Mara, ikaambaa pwani ya Shirati. Mwezi huo ni mwanzo wa masika. Safari yote, kutoka Machi mpaka Mei, ilifanyika katika majira ya mvua kubwa.

Ili kuifahamu siku ya baharia wa ziwani, yafaa tumlinganishe na baharia wa jahazi. Baharia wa jahazi huishi kwa pepo za mwaka. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi na kuvileta vyombo kutoka Arabuni. Kusi huvuma baadaye na kuvirudisha. Mwenye jahazi akichelewa majira, hungoja miezi. Ziwani mambo ni tofauti. Ingawa kusi nayo hufika huko, upepo unaomwongoza mvuvi hugeuka kila siku. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi hupata joto, na upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Vijana waliokuwa wamezoea saa ya mwaka walilazimika kujifunza saa ya siku moja.

Siku ilianza alfajiri, wakati upepo wa nchi ulikuwa bado haujafa. Mashua ilisukumwa majini, tanga likatwekwa. Jua lilipopanda upepo ulitulia, na hapo tanga halikuwa na faida tena. Watu kumi waliketi kwenye makasia yao, wakavuta. Ziwa likiwa shwari hung'aa kama kioo, na joto humpiga mtu kutoka juu na kutoka chini. Alasiri upepo wa ziwa uliamka. Kwa chombo kinachokwenda kaskazini katika mwambao wa Mara, upepo huo ni wa hatari, kwa kuwa hutoka magharibi na kukisukuma chombo kuelekea mawe ya pwani. Mshika usukani alipaswa kujitenga na nchi kavu ili asivunje mashua, lakini asiende mbali mno, kwa sababu kazi aliyotumwa ilikuwa kuifuata pwani, kila rasi na kila ghuba. Safeni alikaa kati ya hatari mbili hizo siku nzima.

Kuhusu maji ya kunywa, baharia wa ziwani alikuwa na nafuu. Katika jahazi maji hutunzwa katika tangi na kugawiwa kwa kipimo. Ziwani mtu huinama akateka. Lakini kuhusu chakula hali ilikuwa kinyume. Jahazi hubeba mchele, tende na papa wa kutosha miezi, na lina sehemu ya kupikia. Mashua ndogo haikuweza kubeba akiba kubwa wala kuwashwa moto ndani yake. Chakula kilitegemea pwani, na pwani ilikaliwa na watu wenye nchi yao.

Hapo ndipo kazi ya pili ya baharia ilipoanza, yaani kazi ya ulimi. Mashua ilisimama mbali kidogo. Saramba na wenzake waliwapigia kelele watu wa nchi kavu, wakawaonyesha shanga na nguo, wakaomba ndizi, samaki au kuku. Pengine walipata, pengine walikataliwa au kurushiwa mawe. Msafiri wa Ulaya aliwaita waliomkataa washenzi. Sisi hatuna budi kulitazama jambo hili kwa macho ya waliosimama ufukoni. Wageni wasiojulikana wamekuja na bunduki. Biashara ya watumwa imekwisha kufika ziwani. Kwa nini mtu asishike mkuki wake?

Jioni mabaharia walitafuta kisiwa, kwa kuwa kisiwani usalama ulikuwa mkubwa kuliko bara. Walifunga mashua, wakaokota kuni, wakasonga ugali. Usiku haukuwa wa kupumzika kabisa. Ilibidi wakae zamu kwa sababu ya viboko, mamba na watu. Aidha, mvua za radi za Ziwa Victoria hupenda kujikusanya juu ya maji usiku na alfajiri. Dhoruba ilipowakuta, kila mkono ulihitajika kufua maji na kuilinda mashua isipigwe na mawe. Asubuhi walivaa nguo zilezile zilizolowa, wakashika makasia yaleyale.

Bumbire na Marejeo

Safari yao iliendelea kaskazini. Walipambana na mitumbwi ya Wavuma, wakapokelewa na Kabaka Mutesa wa Buganda mwanzoni mwa Aprili, kisha wakarudi kwa pwani ya magharibi. Tarehe 28 Aprili, wakiwa na njaa, walifika kisiwa cha Bumbire. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu na kuyachukua makasia yote. Baada ya mabishano ya saa nyingi mabaharia waliisukuma mashua majini ghafla, Stanley akafyatua bunduki na kuua watu. Wakiwa hawana kasia, waling'oa mbao za ndani ya mashua, wakazifanya makafi. Walitangatanga katika mawimbi karibu bila chakula mpaka wakafika katika kisiwa kitupu. Tarehe 6 Mei walirudi Kageye.

Mwezi Agosti Stanley aliirudia Bumbire akiwa na mitumbwi na bunduki nyingi, akaua makumi ya watu waliokuwa ufukoni. Mauaji hayo yalilaumiwa hata Uingereza. Watu wa msafara walikuwamo katika jambo hilo, na hatuwezi kuwaondoa. Mtu anayeandika historia ya wanyonge asiwageuze wanyonge kuwa malaika. Mpiga kasia alionewa, naye kwa amri alishiriki kuwaonea wengine. Mambo yote mawili ni kweli.

Mwisho wa Mshika Usukani

Mashua iliendelea na msafara mpaka Ziwa Tanganyika, kisha ikateremka Mto Kongo. Katikati ya mwaka 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, iliachwa juu ya mawe, kwa kuwa ilikuwa haina kazi tena. Wakati huohuo Safeni alisikia kwamba bahari iko karibu. Kwa mujibu wa kitabu cha Stanley, akili ilimruka kwa furaha. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akaaga, akaondoka na kasuku wake begani akiingia porini, na waliotumwa kumtafuta hawakumwona tena. Kati ya watu 356 ambao Stanley aliwahesabu walipoondoka Bagamoyo, waliofika mwisho wa safari hawakufika nusu.

Hitimisho

Tangu siku zile ubaharia wa ziwani umebadilika. Mwaka 1900 meli ya mvuke William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu; mwaka 1961 ikafuata meli ya Victoria. Hata hivyo, mitumbwi ya matanga imeendelea kutoka Shirati na Kinesi, na wavuvi wake hufuata upepo uleule wa nchi alfajiri na upepo uleule wa ziwa alasiri.

Mwalimu wa historia aliyeko Tarime, Rorya au Serengeti ana nafasi njema. Awapeleke wanafunzi wake ufukoni, wawaulize wavuvi wazee: upepo huanza saa ngapi, huitwaje katika lugha yenu, mnalala wapi dhoruba ikiwakuta, mnakula nini? Majibu yaandikwe. Wapiga kasia wa mwaka 1875 hawakuulizwa maswali hayo na mtu yeyote, na ndiyo sababu tunalazimika kuyatafuta maisha yao katika kitabu cha mtu aliyewaamuru. Mabaharia wa leo wanaweza kusema wenyewe, ikiwa tutawauliza wangali hai.