Mkebe wa Nyama na Barabara ya Muindi Mbingu

Ukitoka bustani ya Jeevanjee na kufuata Barabara ya Muindi Mbingu, hutembei sana kabla ya kufika City Market. Ndani, nyama inaning'inia na wauzaji wanakuita kastoma hata kabla hujaamua kama una pesa. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi bila kujiuliza huyu Muindi Mbingu alikuwa nani. Jibu lake linapitia mahali ambapo hungetarajia: ndani ya mkebe wa nyama.

Tuanze mbali kidogo, Amerika Kusini. Katikati ya karne ya 19, nyanda za Uruguay na Argentina zilikuwa na ng'ombe wengi kuliko walaji. Watu walichinja ili wapate ngozi na mafuta, nyama nyingi ikaachwa ioze. Huku Ulaya, vibarua wa viwandani walikuwa hawaonjeshwi nyama ila kwa nadra. Katikati yao kulikuwa na bahari ya Atlantiki, na hakukuwa na meli zenye majokofu. Nyama mbichi ingefika upande wa pili ikiwa mzoga.

Njia ya kuivusha ilikuwa imeshagunduliwa. Mwaka 1810, Mfaransa Nicolas Appert alipewa faranga 12,000 na serikali yake kwa kuonyesha kwamba chakula kikifungwa kabisa ndani ya chupa na kuchemshwa, kinakaa bila kuharibika. Kwa nini kinakaa, hakujua. Habari za vijidudu zilielezwa na Louis Pasteur miaka mingi baadaye. Mwaka huo huo wa 1810, Peter Durand alipata hataza Uingereza ya kutumia mikebe ya bati, na kufikia 1813 kiwanda cha London kilikuwa kikiuzia jeshi la majini nyama ya mkebe. Cha kuchekesha ni kwamba kifungulio cha mikebe kilikuja miongo kadhaa baadaye. Mabaharia walitumia patasi na nyundo.

Mwaka 1865 kampuni ya Liebig ilianzishwa London, ikibeba jina la mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig. Kiwanda chake kilikuwa Fray Bentos, mji wa Uruguay ulio kando ya mto ambao meli za baharini ziliweza kuupanda. Ng'ombe aliingia upande mmoja, na upande wa pili ikatoka supu nzito iliyokolezwa, halafu baadaye nyama ya chumvi iliyoshindiliwa mkebeni. Ilipakiwa melini moja kwa moja. Haikuhitaji barafu wala haraka. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, askari wa Uingereza walilishwa mikebe hiyo hadi wakaichoka.

Biashara kama hii ina siri moja: inapenda ng'ombe wa bei ya chini. Nyama ya mkebe hupikwa, hukatwakatwa na kutiwa chumvi, kwa hiyo haijalishi sana kama ng'ombe alikuwa mzee au amekonda. Anayekula hatamwona. Ndiyo maana kampuni kama Liebig ilitafuta nchi zenye mifugo mingi na wenye mifugo wasio na sauti. Katika miaka ya 1930 ikafika kwetu, ikajenga kiwanda Athi River. Angalia ramani utaelewa: reli ya kwenda Mombasa inapita hapo hapo, na ng'ombe wa Ukambani wako jirani.

Shida ni kwamba Wakamba hawakuwa na haja ya kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Ng'ombe alikuwa mahari, akiba na bima ya mwaka wa ukame. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hoja yake: mifugo imezidi, udongo unamomonyoka. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo halina ubishi. Lakini hoja hiyo iliruka jambo moja. Ardhi ambayo Wakamba walikuwa wakiitumia kwa malisho, kama milima ya Mua na uwanda wa Yatta, ilikuwa imechukuliwa ama na walowezi ama na serikali yenyewe. Ukimfungia mtu ndani ya chumba kimoja, usishangae vitu vyake vikionekana vingi.

Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei duni. Hapo ndipo anapoingia Samuel Muindi Mbingu, mmoja wa viongozi wa chama cha Ukamba Members Association. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, waliondoka Machakos wakaja Nairobi kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Hawakubeba silaha. Walipiga kambi Kariokor wakakaa wiki kadhaa, wakisema hawatoki mpaka wasikilizwe.

Hebu tusimame hapo Kariokor kidogo. Jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza. Wengi walikufa kwa magonjwa, yakiwemo ya kuhara kutokana na unga wa mahindi usioiva vizuri. Miongo miwili baadaye, mahali penye jina lao, wenye ng'ombe walikuwa wamekaa chini kukataa mifugo yao isigeuzwe mikebe.

Serikali ilimkamata Muindi Mbingu ikampeleka uhamishoni Lamu. Lakini pia ilirudi nyuma: uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Ni mojawapo ya mara chache katika ukoloni wa Kenya ambapo watu waliketi tu, wakakataa, na sera ikabadilika. Kiwanda hakikuondoka. Mwaka 1950 iliundwa Kenya Meat Commission, ambayo ikachukua kiwanda cha Athi River, na mikebe ikaendelea kutoka.

Tangu hapo usafiri wenyewe umebadilika sana. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X, kutoka Newark hadi Houston, na kazi ya makuli kubeba katoni mojamoja ikaanza kufa. Leo mkebe unaofika Mombasa umekaa wiki kadhaa ndani ya sanduku la chuma. Adui yake mkubwa humo ni unyevu: hewa ikipoa usiku, mvuke hugeuka matone ya maji kwenye dari na kudondoka kama mvua, mikebe ikaota kutu. Wasafirishaji hutundika mifuko ya chumvi inayofyonza maji. Na kosa dogo kiwandani bado linaweza kuvuka bahari. Mwaka 1964, mamia ya watu waliugua homa ya matumbo mjini Aberdeen, Scotland, kwa sababu ya mkebe wa nyama kutoka Argentina. Mikebe ilikuwa imepozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa, na tundu dogo lilitosha kuyaingiza.

Siku hizi nikishika mkebe dukani, naanza kusoma: nchi ulikotoka, tarehe ya mwisho, kiasi cha chumvi. Mambo kama hayo huandikwa. Hakuna sheria inayotaka waandike ng'ombe alinunuliwa kwa nani, kwa bei gani, na kama mwenyewe alikubali. Swali hilo lilibidi watu waje nalo kwa miguu kutoka Machakos. Ukipita City Market kesho kununua robo ya nyama, tazama juu kidogo. Jina la aliyewaongoza liko pale kwenye kibao cha barabara.