Magari ya Deraya kwenye Njia ya Garissa, 1941

Barabara itokayo Nairobi kupitia Ruiru hufika Thika, na hapa tawi lake hushika mashariki hadi Garissa, kwenye Mto Tana. Upande huo ndiko majeshi ya Uingereza yalikovukia mwaka 1941 kuwafukuza Waitaliano Somalia: Kismayu ilitekwa 14 Februari, Mogadishu 25 Februari.

Katika vita hivyo yalitumika magari ya deraya ya Marmon-Herrington, yaliyoundwa Afrika Kusini. Chini ya mabamba ya chuma mna fremu na injini ya lori la Ford V8, mashine ambayo mafundi wa zama hizo waliijua vizuri. Malori ndiyo yaliyobeba maji na petroli kuvuka nyika kavu. Kati ya walioyaendesha walikuwamo Waafrika wengi, na majina yao yanastahili kukumbukwa sawa na ya majenerali.

Fundi anayelifufua gari la deraya la aina hii hukwangua rangi taratibu, tabaka baada ya tabaka, maana chini yake huenda pana namba ya kikosi. Tundu la risasi huachwa lilivyo. Marmon-Herrington imehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya kijeshi, Johannesburg.