Uongozi wa Wanawake nje ya Ajira ya Mshahara: Kariakoo, 1955–1962

Katika miaka ya 1950, ajira ya mshahara jijini Dar es Salaam ilishikwa zaidi na wanaume. Wanawake wengi wa Kariakoo na mitaa jirani walijipatia riziki kwa kuuza maandazi, vitumbua na pombe. Hata hivyo, vikundi vyao vya ngoma vilikuwa na viongozi na michango, na vilienea mtaa hadi mtaa. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha Bomba, alivitumia vikundi hivyo kuwaandikisha wanawake katika TANU. Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Kwa hiyo, kupima uongozi wa wanawake kwa vyeo vya ofisini pekee ni kuifuta shule iliyowalea viongozi hao.