Cheche Moja na Mswada Wangu

Mimi nimeishia kidato cha nne. Miaka yote ile nilikariri madesa. Swali likisema "Jadili", natapika alichosema mwalimu, napata maksi, basi. Kubisha kulihesabiwa utovu wa adabu. Ndiyo maana rafiki yangu alipoukosoa mswada wa riwaya yangu, nilinuna wiki nzima.

Kilichonitoa tongotongo ni historia ya Cheche.

Hilo lilikuwa jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilianza Novemba 1969, likitolewa na USARF, chama chao cha mrengo wa kushoto kilichoundwa 1967. Vijana wale hawakutosheka na mihadhara. Walikuwa na madarasa yao ya Jumapili: wanasoma, kisha wanabishana kwa hoja. Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, alikuwa nao bega kwa bega.

Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana aliyesomea sheria, akaandika humo makala ndefu juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya. Wakati huo nchi inaimba Azimio la Arusha la 1967. Yeye akauliza: mali imetaifishwa, sawa, lakini nani hasa anaishika? Hakutukana mtu. Alileta ushahidi.

Utamu ni huu, jamani: wakubwa hawakumpigia makofi tu. Rodney aliandika maoni yake, na Tamas Szentes, mchumi wa Hungaria, naye akaandika. Mwaka 1973 hoja na majibu vikatoka katika kitabu kimoja, Tanzania Publishing House wakiwa wachapishaji. Kumbe kumjibu mtu kwa maandishi ni kumheshimu!

Haikuwa lelemama. Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku Cheche pamoja na USARF. Jarida likafa, ubishi ukabaki: mwaka 1971 likazaliwa MajiMaji, chini ya Umoja wa Vijana wa TANU hapo chuoni.

Basi nimeutoa mswada wangu chini ya godoro. Pembeni rafiki yangu aliandika kwa penseli: "Mbona mama huyu anapigwa kurasa kumi na wewe mwandishi hushangai?" Zamani ningesema ana wivu. Sasa nimelisoma swali lake mara tatu. Sina jibu.

Sura ya pili naianza upya leo. Kwanza nakwenda kumwomba radhi, halafu tubishane.