Jamaa ya Katanga: walioitwa baba na mama, kisha wakafungiwa meza

Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alitumwa upande wa Kolwezi, kwenye kambi za wachimbaji wa shaba wa Union Minière. Alikuwa na miaka ishirini tangu aingie Kongo. Ulaya walimjua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotoka mwaka 1945. Katanga walimjua zaidi kwa adha ambayo kitabu hicho kilimletea. Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Elisabethville hakukipenda hata kidogo, na Tempels, aliyekuwa amekwenda kwao mwaka 1946, hakurudi huku hadi 1949. Padri huyo aliyekwisha kuonja adhabu ndiye aliyeanzisha Jamaa, kundi la kiroho la wanandoa Wakatoliki. Haikuchukua miaka mingi kabla ya Jamaa kuingia kwenye kambi za Jadotville, mji ambao tangu 1966 tunauita Likasi.

Ili kuielewa Jamaa, tuanze na nidhamu iliyoitangulia. Likasi ni mtoto wa madini. Panda na Shituru zilikuwa tanuru na kiwanda kabla hazijawa mitaa ya watu. Wabenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea, Bruges, walifika Katanga mwaka 1910, na katika miaka ya 1920 kampuni ikawakabidhi shule za kambi. Kuanzia mwisho wa miaka hiyo kampuni ilitaka mfanyakazi atulie, alete mke, azae, akae. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Posho ya mke na watoto ilitoka kwa kampuni. Na mke aliyeandikwa kwenye daftari lake alikuwa mmoja. Baadaye serikali ya kikoloni ikaongeza uzito wake: dekreti ya Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi, na mwenye wake wengi akazuiwa kuhamia kwenye miji kama Jadotville.

Kwa hiyo padri na bosi wa kambi walikuwa wakiuchungulia mlango uleule. Mkristo aliyeoa mke wa pili, au aliyekaa na mwanamke bila ndoa ya kanisa, hakupokea komunyo. Jumapili watu walimwona amebaki benchini wakati wenzake wanakwenda mbele, na katika kambi ambako kila ukuta una jirani, habari haikuhitaji kutangazwa. Adhabu ya kanisa, ambayo kwa maandiko ni dawa ya roho, hapa iligusa pia shule ya mtoto na heshima ya mtu kazini.

Asidhani mtu kwamba ukali huo ulikuwa wa Kikatoliki peke yake. Wamethodisti, waliopandwa Katanga na John Springer na mkewe Helen katika miaka ya 1910, wana kitabu cha sheria ambacho jina lake lenyewe ni nidhamu. Muumini mpya aliwekwa kwanza katika muda wa kujaribiwa, na mwenye wake wengi hakuandikwa kuwa mshiriki kamili.

Wamisionari hawakuibuni nidhamu hiyo. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, aliamuru mtu aliyeishi na mke wa baba yake aondolewe katika kusanyiko. Katika barua ya pili anawaambia Wakorintho kuhusu mkosaji aliyekwisha kuadhibiwa kwamba inatosha: wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Wengi wa wafafanuzi wa zamani walimwona kuwa ni mtu yuleyule. Barua ya kwanza inahubiriwa sana. Hii ya pili naisikia kwa nadra.

Afrika yenyewe ilikwisha kulipima jambo hili. Mwaka 250 Kaisari Decius aliwalazimisha watu wote wa dola ya Roma kutoa sadaka kwa miungu. Kule Karthago, katika Tunisia ya leo, Wakristo wengi walianguka. Wengine walitoa sadaka kweli. Wengine walinunua cheti cha kusema wametoa. Mateso yalipopoa, walioanguka wakapiga hodi kanisani. Roma, padri Novatian alisema mlango ufungwe moja kwa moja. Karthago, wengine walitaka wote wapokelewe papo hapo, kwa barua za wale waliofungwa kwa ajili ya imani. Askofu Cyprian na sinodi ya mwaka 251 walikataa njia zote mbili. Walisema kila kesi isikilizwe kwa upande wake: mwenye cheti tu arudishwe baada ya kuchunguzwa, na aliyetoa sadaka afanye kitubio kirefu, lakini asiachwe afe bila amani ya kanisa. Muda si mrefu, mateso mapya yalipokaribia, walilegeza zaidi ili watu wapate nguvu ya kuyakabili. Naikumbusha Karthago kwa sababu ya hilo neno la kusikiliza kila kesi.

Tempels naye alianzia kwenye kusikiliza. Katika kambi ya Musonoi, kama alivyosimulia baadaye, aliacha kuanza na maswali ya amri zilizovunjwa, akawauliza wafanyakazi na wake zao wanachokitamani kuliko vyote. Akapata majibu matatu: uzima, uzazi, na umoja kati ya watu. Juu ya hayo wakajenga mafundisho, kwa Kiswahili cha kambini. Mume na mke waliingia pamoja na kufundishwa kuzungumza waziwazi, kila mmoja akifungua moyo wake kwa mwenzake. Waliopita njia zote tatu za mafunzo waliitwa baba na mama, na wakawazaa wengine kiroho. Hata padri aliweza kuzaliwa na mchimbaji na mkewe. Ugomvi wa ndoa uliopelekwa zamani kwa hukumu sasa ulikwenda kwanza kwa mashauri, nyumbani kwa aliyekuzaa. Tena kambi zilikuwa zimejaa watu waliochukuliwa kazi kutoka Kasai, kwa hiyo ndani ya Jamaa mtu wa Katanga aliweza kuwa na baba Mkasai.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Ofisi Takatifu ya Roma ikachunguza mafundisho yake, naye akabaki kwao Ubelgiji, katika konventi ya Hasselt. Huku nyuma Jamaa ikaendelea, na ndani yake kukaota tawi lililoitwa katete. Likashtakiwa kwa siri, kwa mafundisho ya ndoto, na kwa kuugeuza umoja wa kiroho kuwa wa mwili kati ya watu wasiooana. Maaskofu hawakuwa na haki ya kufumba macho. Isitoshe, Rais Mobutu alikuwa akilibana kanisa kwa nguvu: mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na mwishoni mwa 1974 shule zikachukuliwa na serikali. Katika hali hiyo askofu yeyote angekuwa na wasiwasi na kundi lolote linalokwenda peke yake.

Likasi iko chini ya jimbo kuu la Lubumbashi, na askofu mkuu tangu 1967 alikuwa Eugène Kabanga, mtu asiye mwoga, kwani mwaka 1976 alitoa barua ya kichungaji iliyoyashambulia maovu ya wenye madaraka. Lakini juu ya Jamaa, njia iliyochukuliwa na maaskofu wa Katanga katika miaka ya 1970 ilikuwa ya kiapo. Wana-Jamaa walitakiwa kuyakana mafundisho, na aliyekataa alifungiwa sakramenti. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mama aliyejifunza kuzungumza na mumewe tu alidaiwa kiapo kilekile alichodaiwa kiongozi aliyewapoteza wenzake. Karthago walitenganisha mwenye cheti na mtoa sadaka. Hapa kapu lilikuwa moja. Baadhi walikubali, baadhi wakatoka na kuendelea nje, wengine baadaye wakahamia vikundi vya karismatiki.

Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa majumbani mwao, na stesheni ya treni ya Likasi ikageuka kambi ya maelfu waliongoja treni ya kuwaondoa. Wengi wa waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa Wakristo waliobatizwa. Je, kuna aliyedai kiapo kwa waliovunja milango ya jirani zao? Kanisa lililohesabu vizuri dhambi za kitandani lilikuwa na daftari jembamba sana kwa dhambi hii.

Tempels alikufa Hasselt mwaka 1977, bila kurudi Katanga. Aliyekuwa na miaka thelathini siku za kiapo sasa amekaribia themanini au amezipita. Maparoko wa Likasi, wa Panda, Shituru na Kikula, watafuteni wazee hao majumbani, wasikilizeni mmoja mmoja, na anayeitaka komunyo asizikwe bila kuipata.