Suruali ya Marinda na Nyumba ya Hurumzi



Sisi ni mafundi watatu tunaoshona nguo za harusi huku Mbagala. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani alikuja kwetu binti aliyekaribia ndoa yake, kafuatana na mama yake. Alitaka nguo ya usiku wa hina. Akatuonyesha picha kwenye simu: mwanamke wa zamani, kavaa kanzu ndefu, chini yake suruali yenye marinda miguuni, kichwani kitambaa. "Nataka hii hii, ya Bibi Salme," akasema.

Mama mtu alikuwa kwenye benchi anakunywa maji. Akaweka chupa chini. "Mwanangu hatavaa siku ya heri nguo ya mtu aliyetoka kwenye dini. Kama ni hiyo, vipimo msichukue."

Binti akaanza kulia, nasi tukakosa la kusema. Ukweli ni kwamba mwanamke yule tulimjua kwa jina tu. Nguo yenyewe hatukujua inakatwaje, maana picha ya simu haionyeshi mshono. Tukawaomba wiki mbili. Jumamosi tukafunga ofisi, tukapanda boti alfajiri kwenda Unguja.

Mtu akisema makumbusho tulikuwa tukifikiria jumba kubwa la serikali lenye walinzi. Tulikotaka kwenda siko huko. Ni Hurumzi, ndani ya Mji Mkongwe, kwenye jumba la zamani ambalo sasa ni hoteli. Humo mna vyumba vichache vya Makumbusho ya Bibi Salme, vilivyofunguliwa mwaka 2015. Hayakuanzishwa na wizara. Yalianzishwa na Said el-Gheithy, Mzanzibari aliyetumia miaka mingi kukusanya habari, picha na vitu vinavyohusu maisha ya mwanamke huyu. Mtu mmoja na subira yake. Tulipotea mara mbili vichochoroni tukiitafuta nyumba, na mara zote mbili tuliishia mbele ya duka la vitu vya kale, masanduku ya njumu na mabirika ya shaba yamepangwa mpaka mlangoni. Mmoja wetu aliona mitali ya fedha kama ile aliyokuwa nayo bibi yake Kilwa, ambayo familia ilimuuzia mnunuzi wa kupita ili alipiwe ada ya kidato cha tatu. Aliiuliza bei. Hakutuambia ameambiwa ngapi.

Sasa, huyu Salme ni nani? Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, baba yake Sayyid Said bin Sultan, mama yake Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa Unguja akiwa suria. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika walikatazwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa bapa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi zama zile. Baba yake alipofariki mwaka 1856, yeye akiwa na miaka 12, alipewa fungu lake la mirathi: shamba lenye nyumba, na fedha taslimu. Someni tena hapo, dada zetu. Msichana wa miaka 12, na fungu lake mkononi. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mama yake.

Mwaka huo huo wa 1859 kaka yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao Majid, na Salme, kwa kuwa alijua kuandika, ndiye aliyemwandikia barua za njama. Kalamu aliyoipata kwa siri ikamtia matatani akiwa na miaka 15. Njama ikashindwa, na baada ya hapo akaishi katikati ya ndugu waliogombana.

Halafu likaja la Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara aliyekuwa jirani yake mjini. Mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba yake. Akaondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko mwaka 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, wakaoana. Wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake ndiyo kwanza alikuwa anajifunza.

Hatukuja kumtetea kwa aliloacha. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini mbele ya picha zake tulikaa kimya muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa manowari ya Kijerumani kudai urithi wake, na Barghash, yule yule aliyewahi kuandikiwa barua, akakataa kumpokea. Wajerumani nao walikuwa na hesabu zao za makoloni, yeye wakamfanya kijiti cha kumchomea Sultani. Alirudi tena 1888, mikono mitupu vile vile. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na inasimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokuwa amekitunza miaka yote.

Turudi kwenye nguo, ndiyo iliyotupandisha boti.

Ile picha ya kwenye simu ilipigwa Ujerumani, tayari ameshaolewa. Alivaa nguo za kwao mbele ya mpiga picha wa ugenini. Na mwaka 1886 alitoa kitabu kwa Kijerumani kuhusu maisha yake, humo akaeleza mavazi ya wanawake wa Unguja: kanzu inayofika vifundoni, suruali, na kitambaa cha kichwa. Vitu vitatu. Tena anasema bibi na mtumishi wake walivaa vitu hivyo hivyo vitatu, kilichowatofautisha ni thamani ya kitambaa na mapambo.

Hapo ndipo mafundi tulipotazamana. Basi mshono si wa Salme! Ulikuwepo kabla yake, ukavaliwa na wanawake ambao hawakuondoka kokote, waliosali na kufunga na kuzikwa hapo hapo. Yeye ndiye tu aliyepigwa picha.

Na tuseme la upande wa pili, maana katika kitabu hicho hicho anautetea utumwa, na sisi tuliolelewa na mabibi wa Kilwa na Mbagala hatuwezi kulipita kama hatulioni. Bibi zetu wengi asili yao ni waliovaa kaniki na merikani, waliochuma karafuu za mashamba kama hilo alilorithi. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897. Kaniki ya mchumaji hakuna aliyeitia kwenye kabati la kioo. Ilivaliwa mpaka ikachanika, ikawa nepi, ikawa tambara la jikoni. Tulimaliza vyumba vyote tukimtafuta yule mwanamke wa kaniki.

Tulichora tulichoweza kwenye daftari: urefu wa kanzu, mahali marinda yanapoanzia, namna suruali inavyobana juu ya kifundo. Boti ya jioni ikaturudisha.

Wiki iliyofuata mama na binti wakaja. Tukamweleza mama yale tuliyoyaona, bila kumbembeleza, pamoja na habari ya vitu vitatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Marinda mangapi?" Tukamwambia hatukuweza kuhesabu, picha haioneshi vizuri. Akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Jumatatu asubuhi alirudi peke yake na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kanga iliyofungwa, na ndani ya kanga suruali ya pamba iliyopauka, ya bibi yake mzaa mama, mtu wa Makunduchi, iliyokaa chini ya sanduku miaka yote hiyo na karafuu za kufukuza wadudu. Mshono wa mkono. Marinda ya mguu wa kulia yote mazima. Ya kushoto panya walishapita.

"Msiifumue," akasema. "Hesabuni tu."

Tuliitandika kwenye meza ya kukatia, juu ya shuka safi, tukahesabu marinda 14. Binti akapigiwa simu aje kupimwa.