Debe Tupu

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na kila aliyetutamkia alikusudia kutukaripia: asiye na kitu kichwani ndiye mwenye kelele nyingi. Mimi sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, kwa kadiri nilivyosoma na kuona, nimekuja kuamini kwamba debe tupu limeonewa. Zipo pembe za dunia ambako debe tupu ndilo lililosema wakati watu walipofungwa midomo, na habari zake zinastahili kuandikwa.

Tuanze na ngoma yenyewe. Fundi wa zamani alikata gogo, akalichimba ndani kwa tezo na patasi siku baada ya siku mpaka likabaki gamba, kisha akaliwamba ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi. Ukiitazama vizuri kazi yake, utaona kwamba sehemu kubwa ilikuwa ni kuondoa mti ili apate uwazi, maana ngoma isiyo na uwazi haina sauti. Debe lilikuja na uwazi wake tayari. Neno lenyewe tulilipata kwa Wahindi, na kitu chenyewe kilienea kwetu pamoja na mafuta ya taa yaliyoanza kuletwa na meli mwishoni mwa karne ya 19. Mafuta yalipokwisha, bati lile halikutupwa. Mama aliteka maji kwa debe, mfanyabiashara alipimia mahindi kwa debe, na maskini wa mjini alilipasua na kulinyoosha akaezekea kibanda. Mtoto naye aliligeuza juu chini, akatafuta vijiti viwili, na jirani hakulala tena mchana.

Lakini habari ya ngoma za makopo si ya watoto peke yao. Tazama Unguja. Taarab ilianza kule kama muziki wa jumba la mfalme, na masimulizi humtaja Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyeileta kutoka Misri. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hata leo. Ala zao zilikuwa udi, kanuni, fidla na nai, ala za kuagizwa kutoka mbali, na bei zake zilikuwa za watu wenye nafasi. Ng'ambo ya pili ya kijito, katika mtaa ulioitwa Ng'ambo kwa sababu hiyo, walikaa wachukuzi, wavuvi, mafundi, na watu waliotoka utumwani. Nao waliipenda taarab, lakini kanuni hawakuwa nayo.

Walichofanya ndicho kinachoitwa kidumbak. Walichukua vingoma viwili vidogo vyenye kiwiliwili cha udongo, kazi ya mfinyanzi, wakaviwamba ngozi. Wakajaza mbegu katika vifuu vya nazi, ikawa cherewa. Wakagonganisha vijiti, ikawa mkwasa. Fidla waliitafuta popote ilipopatikana. Ikabaki sauti nzito ya chini, ambayo mwenye fedha angeipata kwa fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amesimama. Wao wakaokota sanduku la mbao nyembamba lililoletea chai dukani, wakalifunika chini, wakafunga kamba moja kutoka katikati yake hadi kwenye ncha ya fimbo. Mpigaji akivuta fimbo, kamba hukaza na sauti hupanda. Akiilegeza, sauti hushuka. Ala hiyo haikupewa jina la kifahari. Iliitwa sanduku, na mpaka leo inaitwa sanduku. Tukumbuke pia kwamba Siti binti Saad, kabla sauti yake haijatiwa kwenye sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, alikuwa akitembeza mjini vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Sanaa ya visiwa vile ilipita mikononi mwa watu waliojua udongo unauzwaje.

Kwa hiyo Unguja kilichowazuia watu ni bei. Iko habari nyingine iliyo chungu zaidi, ya watu waliozuiwa na sheria, nayo ni ya kisiwa cha Trinidad katika bahari ya Karibi.

Mwingereza alikitwaa kisiwa hicho kutoka kwa Mhispania mwaka 1797, na Waafrika waliokuwa watumwa katika mashamba ya miwa hawakupata uhuru kamili mpaka mwaka 1838. Baada ya hapo, kila mwaka kabla ya Kwaresima, wao na watoto wao walitoka usiku kwa mienge, fimbo na ngoma kusherehekea. Watawala walichukia. Ngoma ilikwisha kuwatia hofu wenye watumwa tangu zamani: huko South Carolina, baada ya maasi ya Stono ya mwaka 1739, sheria ya mwaka 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma, kwa kuwa ngoma huita watu mahali pamoja. Trinidad nako, mwaka 1881, polisi wa Kapteni Baker walijaribu kuzima mienge katika mji wa Port of Spain, na wananchi wakapambana nao kwa fimbo na mawe. Mwaka 1884 ikatoka sheria ya kuzibana ngoma za ngozi katika sherehe zile.

Ngoma za ngozi zikanyamaza mitaani. Watu wakaingia porini, wakakata mianzi. Mwanzi mnene na mrefu waliugonga ardhini ukatoa sauti nzito. Mwembamba na mfupi waliubeba begani wakaupiga kwa kijiti ukatoa sauti kali. Sheria ilitaja ngoma, haikutaja mwanzi. Kwa takriban miaka hamsini sherehe zikaenda kwa mianzi, lakini mwanzi una kasoro: hupasuka ukigongwa usiku kucha. Katika miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya maskini wakaanza kuchanganya mianzi na vyuma vilivyotupwa, yaani makopo ya biskuti, makopo ya rangi, mifuniko ya mapipa ya taka, hata vyuma vya breki za magari. Wakagundua jambo ambalo halikuwa katika kitabu chochote: bati likibonyea mahali, pale palipobonyea hutoa sauti yake, tofauti na ya jirani yake.

Wenyewe Trinidad hadi leo hubishana ni nani aliyetangulia. Wengi humtaja Winston Simon, aliyejulikana kwa jina la Spree, na Ellie Mannette. Wakati wa vita sherehe za mitaani zilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1942, lakini katika viwanja vya nyuma ya nyumba nyundo hazikulala. Kisiwa kilikuwa na visima vya mafuta, na Wamarekani walikuwa wamejenga kambi zao za kijeshi, kwa hiyo mapipa hayakukosekana. Vita vilipokwisha mwaka 1945 watu wakamiminika barabarani na vyuma vyao. Inasimuliwa kwamba katika sherehe za mwaka 1946 Spree Simon alipiga kwa kopo lake wimbo wa taifa wa Mwingereza, na gavana akiwapo anasikiliza. Wazia sura ya gavana yule akiusikia wimbo wa mfalme wake kutoka kwenye takataka, mikononi mwa wajukuu wa wale walionyang'anywa ngoma.

Baadaye likachukuliwa pipa zima la mafuta, lile la lita mia mbili na zaidi kidogo. Fundi hulifunika, akakipigapiga kitako kwa nyundo mpaka kikazama kama bakuli, akachora mipaka ya sauti moja moja, akaikandamiza mipaka hiyo kwa msumari butu na nyundo, akalikata pipa urefu autakao, akalichoma moto, kisha akairekebisha kila sauti kwa kinyundo kidogo na sikio lake. Eneo kubwa hutoa sauti ya chini, eneo dogo hutoa sauti ya juu. Mwaka 1951 vijana waliochaguliwa kutoka vikundi vilivyokuwa mahasimu walikwenda London na kupiga mapipa yao katika tamasha kubwa la Uingereza. Mwaka 1992 ala hiyo, ambayo wenyewe huiita pan, ilitangazwa kuwa ala ya taifa la Trinidad na Tobago. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 11 Agosti.

Habari hizi nilianza kuzifuatilia kwa sababu ya neno moja nililoambiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na shule yetu haikuwa na ngoma hata moja wala fungu la kuinunulia. Nikawaambia wanafunzi walete walichonacho. Walileta madebe, makopo ya rangi ya lita nne, na mipira ya ndani ya magurudumu ya lori iliyokwisha kuzibwa viraka mpaka ikakataliwa na fundi. Tulikata vitako vya makopo ili pumzi itoke, maana kopo lililozibwa chini husema kama mtu aliyefunika mdomo kwa blanketi, na tukazipondaponda kingo zisije zikakata mikono. Tulikata duara la mpira lililozidi mdomo wa kopo kwa vidole vitatu au vinne pande zote, tukalitoboa matundu pembeni, na kwa vipande vyembamba vya mpira ule ule tukalivuta chini mpaka kwenye pete ya waya, juu chini, juu chini, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Wawili walivuta, mmoja akafunga. Tulipotaka sauti ipande tulichomeka vijiti katikati ya kopo na kamba. Mpira hauna mlio mwororo wa ngozi, lakini hauli fedha, na siku ya mvua haulegei kama ngozi. Kopo dogo lilitoa sauti ya juu, debe kubwa likanguruma, na shule ikapata mwendo wake wa kuingilia madarasani.

Katika mkutano wa wazazi akasimama mzee mmoja, mtu wa heshima na msema kweli. Akasema, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, sikumleta apige makopo. Watoto wa mjini wanapewa matarumbeta, wa kwetu mnawapa takataka. Huku ni kuwafundisha kuridhika na umaskini." Nikamjibu, "Mzee wangu, neno lako nimelisikia, na nitalifikiri." Nami nimelifikiri kwa miaka mingi.

Naona kwamba mzee alishika ukweli mmoja mkubwa. Umaskini hausifiwi. Anayemiliki matarumbeta kumi halafu akamwambia mwenzake kwamba kopo linamtosha, huyo anamdhihaki. Hata Trinidad wazazi wenye kujiheshimu waliwakataza watoto wao kukanyaga viwanja vya wapiga mapipa, na polisi waliwakimbiza wapigaji kama wahuni. Tena waliopiga mapipa hawakuridhika na kopo kuwa kopo. Walilitesa kwa moto na nyundo mpaka likaimba. Leo fundi mzuri wa pan aghalabu haokoti pipa bovu, huchagua pipa zuri la kazi hiyo, na ala anayoitengeneza ina bei kubwa. Takataka ilikuwa mlango wa kuingilia. Hawakuifanya kuwa nyumba ya kukaa.

Lakini upo ukweli wa pili, ambao mzee hakuutaja. Sheria ya mwaka 1884 iliwatarajia watu wangoje ruhusa. Bei ya kanuni iliwatarajia watu wa Ng'ambo wangoje utajiri. Kama wangengoja, kidumbak isingekuwapo, na pan isingekuwapo, na mjukuu angerithi ukimya. Mtoto aliyekwisha kujua kwa mikono yake kwamba ukikaza mpira sauti hupanda, ukirefusha kopo sauti hushuka, huyo amejifunza fizikia ambayo wengine huikariri ubaoni. Siku akipewa tarumbeta atalijua linatoka wapi. Na hata lisipokuja, hakupoteza utoto wake akilitazamia barabarani.

Nasema hivi bila kuidharau ngoma ya gogo na ngozi. Maarifa ya kuchagua mti, kuuchimba na kuuwamba ni elimu iliyokusanywa na vizazi vingi, na ni hasara kubwa ikizikwa pamoja na wazee wanaoijua. Kopo haliwezi kushika nafasi yake. Kazi ya kopo ni kuuweka mkono katika mazoezi na sikio katika uhai, mpaka ngoma yenyewe irudi.

Ndugu msomaji, wahenga waliposema juu ya debe tupu walikuwa wakimsema mpuuzi, na katika hilo walisema sawa. Ila debe halina kosa. Ukilipita limetupwa kando ya njia, tazama kama lina tundu, tazama mdomo wake una upana gani, kisha mpe mtoto.